Pirlo aliwezaje namba sita bila mbio wala ubavu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17. Nina kiungo mmoja mwenye jicho la pasi, ila ni mzito na kukaba hawezi. Nikimpanga namba kumi, nyuma ya mshambuliaji, anamezwa. Nikasoma kwamba Andrea Pirlo, yule kiungo wa Italia, naye alikuwa namba kumi akarudishwa nyuma, nami nikamrudisha kijana wangu namba sita, mbele ya mabeki. Mechi mbili tumefungwa zote, katikati panavuja, na baba yake analalamika kuwa nimemshusha mwanawe. Pirlo yeye aliwezaje?

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo baba, maana malalamiko yake yana historia. Pirlo alikulia Brescia akiwa namba kumi kamili. Mei 1995 akacheza Serie A, ligi kuu ya Italia, ana miaka 16, na Inter walipomsajili mwaka 1998 walikuwa wananunua namba kumi. Hakuwika. Akapelekwa Reggina kwa mkopo, akarudi, akakalia benchi, na Januari 2001 akatolewa tena kwa mkopo, safari hii kwao Brescia. Kufika huko, nafasi yake ina mwenyewe: Roberto Baggio, nyota mkubwa wa Italia. Kocha gani angemtoa Baggio? Mzee Carlo Mazzone akamchukua kijana akamsimamisha mbele ya mabeki. Kwa hiyo mwambie baba mtu kwamba Pirlo alisogea nyuma kumpisha Baggio, na wala hakuna aibu hapo.

Tarehe 1 Aprili 2001 Brescia walikuwa Turin, Juventus wanaongoza 1-0 na dakika zinakwisha. Pirlo akiwa katikati ya uwanja ananyanyua kichwa, anaurusha mpira juu ya safu nzima ya mabeki. Baggio anakimbia, mpira unamjia kutoka nyuma ya bega, anautuliza kwa mguu wa kulia na kwa mguso huohuo anampita kipa Van der Sar. Lango tupu, 1-1. Kila mtu huusifia mguso wa Baggio, na ni haki yake. Mimi nikiwaonyesha vijana video ile huirudisha sekunde chache nyuma na kuisimamisha pale Pirlo anaponyanyua kichwa. Ana nafasi ya kutazama. Angekuwa amesimama alipo Baggio, asingeipata.

Namba kumi mara nyingi hupokea mpira amelipa goli mgongo, beki anampumulia kisogoni. Namba sita anapokea uwanja wote ukiwa mbele ya macho yake. Mtu asiye na mbio anahitaji muda, na muda uko huku nyuma. Waitaliano mchezaji wa namna hii humwita regista, neno lilelile wanalomwitia mwongozaji wa filamu. Mwongozaji hakimbizani na mtu, ila kila mtu anakwenda anakomwelekeza.

Ulichokiruka katika habari ya Pirlo, nadhani, ni watu waliomzunguka. Kocha Carlo Ancelotti alipoingia Milan mwishoni mwa 2001, Pirlo akiwa ameshahamia huko, akamwamini katika nafasi hiyo, lakini kulia kwake alimweka Gennaro Gattuso na kushoto Clarence Seedorf. Mpira ukipotea, Gattuso ndiye aliyekuwa anakwenda kumvaa mtu. Pirlo alibaki kuziba njia ya pasi: hatua mbili kulia, hatua tatu kushoto, anamlazimisha adui acheze pembeni. Huko ni kukaba pia, ingawa kaptula haichafuki. Kwa mpango huo Milan walibeba Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 na 2007.

Mwaka 2011 Milan walimwacha aondoke bure akiwa na miaka 32. Msimu wake wa mwisho pale, kocha Massimiliano Allegri alipendelea watu wa shoka mbele ya mabeki. Juventus wakamwokota, kocha Antonio Conte akamzungushia Arturo Vidal na Claudio Marchisio, wakamaliza mechi 38 za ligi bila kupoteza hata moja. Alichukua ubingwa wa Italia misimu yote minne aliyokaa Juventus.

Sasa nikuulize wewe: namba nane wako, yule kiungo wa kando yake, ni nani? Kama viungo wako wengine wawili nao ni mafundi wa kupiga chenga wasiorudi nyuma, hapo lazima pavuje, na kosa si la kijana. Mpe Gattuso wake kwanza. Tafuta yule mtoto anayekimbia mpaka mnamwonea huruma, ambaye kila siku mnamlaumu kwa pasi mbovu. Kazi yake iwe moja: kupora na kumpa mwenzake aliye mita tano.

Kuna dawa ya mchezaji wa aina hii pia, na wapinzani wako wataigundua, kwa hiyo ijue mapema. Mwaka 2010 Sir Alex Ferguson, kocha wa Manchester United wakati huo, alimpa kiungo wake Park Ji-sung amri ya kumganda Pirlo kila aendako. Mechi ya marudiano Old Trafford, Manchester United waliwapiga Milan 4-0 na Pirlo akawa mtazamaji. Juventus baadaye walijua la kufanya: Pirlo akigandwa, Leonardo Bonucci anaanzisha mashambulizi kwa pasi ndefu kutoka beki ya kati. Yule aliyetumwa kumlinda Pirlo anabaki analinda mtu asiye na mpira, huku timu yake ikicheza pungufu. Kwa hiyo angalau beki wako mmoja afundishwe kupiga pasi, asiwe wa kubutua tu.

Linalobaki ni kichwa. Itazame nusu fainali ya Kombe la Dunia 2006 pale Dortmund, Italia na Ujerumani, dakika ya 119. Mpira wa kona umeokolewa, unamwangukia Pirlo nje ya boksi. Mtu mwingine angefumua shuti. Yeye anautembeza taratibu kuelekea kulia, mguso baada ya mguso, Wajerumani wanavutwa wanamfuata, kisha anaupenyeza katikati yao bila hata kugeuza macho. Beki Fabio Grosso anaukunja kwa mguu wa kushoto, goli. Alishajua Grosso yuko wapi kabla hajaanza kuutembeza.

Hilo linafundishika. Mwite kijana, msimamishe, mwenzake awe mita kumi mbele yake na mpira. Nyuma yake asimame mtu wa tatu, anyooshe vidole, abadilishe idadi kila mara. Kabla mpira haujamfikia, kijana ageuze shingo, avihesabu na ataje idadi kwa sauti, kisha apokee kwa mguu ulio mbali na mpira na kugeuka. Akikosa hesabu, pasi hiyo haihesabiki hata kama ameituliza vizuri. Dakika kumi kila siku ya mazoezi, kwa wiki sita. Wiki ya kwanza atachekesha, mpira utampita kati ya miguu huku anapiga kelele "tatu!"

Na vile baba yake huja uwanjani kulalamika, kazi ya kunyoosha vidole mpe yeye.