Maswali ya sauti: DAC ya bei mbaya inalipa?

SWALI: Habari fundi. Sebuleni nasikiliza muziki kutoka kwenye laptopu, unapita DAC ndogo (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) niliyonunua kwa shilingi 280,000, kisha amplifaya na spika mbili za kuweka juu ya rafu. Rafiki yangu alikuja na DAC yake ya shilingi 1,900,000, tukaichomeka mahali pa yangu, na muziki ukafunguka: besi ikajaa, mwimbaji akasogea mbele. Tangu siku hiyo yangu naiona imepooza. Halafu nikichaji laptopu, spika zinavuma. Akiba ninayo. Ninunue kama ya kwake?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue bado, ndugu yangu. Ulichosikia ulikisikia kweli, sina shaka na masikio yako. Ila kuna kitu hamkukipima siku ile, nacho peke yake kinaweza kuleta yote uliyoyaeleza: ukubwa wa sauti.

DAC nyingi za bei ya yako hutoa takriban volti 2 kwenye matundu ya RCA, yale ya mviringo ya kupeleka sauti kwenye amplifaya. Baadhi ya zile za bei ya juu hutoa volti 2.5. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, na nobu ya amplifaya mliiacha palepale, basi ya rafiki yako ililia juu zaidi kwa karibu desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa tofauti ndogo namna hiyo mtu haambiwi na sikio lake kwamba sauti imeongezwa. Anaona tu besi imenona, maana sikio la binadamu hushika besi vizuri zaidi sauti inapopanda, na mwimbaji anaonekana yuko karibu. Kulinganisha vyombo viwili bila kusawazisha sauti ni sawa na kupima mchele kwa vibaba viwili visivyolingana.

Kwa hiyo azima tena ile DAC na mrudie, safari hii kwa vipimo. Chomeka kila moja kwenye tundu lake la amplifaya. Tafuta faili ya mlio mmoja wa hezi 100. Naitaja namba hiyo kwa makusudi: multimita za kawaida, yaani vipima umeme vya mkononi, zimetengenezwa kupima umeme wa ukutani wa hezi 50, na nyingi hudanganya mlio ukiwa mwembamba. Weka amplifaya chini, multimita iwe upande wa AC (umeme geu), kisha gusisha ncha zake kwenye vituo vya spika moja, ukiangalia sana zisigusane. Tuseme yako inasoma volti 0.80 na ya rafiki yako 1.00. Punguza hiyo iliyo juu kwenye programu ya muziki mpaka zipishane kwa chini ya asilimia 1. Hapo tofauti iliyobaki haifiki desibeli 0.1. Nobu usiiguse tena.

Sasa kaa pale unapokaa siku zote, mwenzako asimame mahali usipomwona, arushe sarafu kuamua ipi ilie, nawe uandike unachodhani. Fanyeni mara 16, kwa nyimbo unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji. Ukipatia 12 au zaidi, ni vigumu kusema umebahatisha. Ukipatia 8 au 9, hata aliyeziba masikio angepata hivyo.

Mimi natarajia utapata 8 au 9, na sisemi kwa kukudharau. DAC ya kawaida iliyoundwa vizuri siku hizi ina kelele na upotoshaji (kubadilisha sauti isiwe kama ilivyorekodiwa) ulio chini ya muziki kwa desibeli 100 hivi, yaani asilimia 0.001. Spika ndogo ikisukuma besi hupotosha asilimia 1 na kupita, mara elfu moja ya hapo. Na sebule yenyewe, hasa ya vigae na kuta tupu, huinua noti moja ya besi na kuizamisha nyingine kwa desibeli 10 au zaidi. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha jaribio ambalo sauti ya diski za ubora wa juu ilipitishwa kwenye kigeuzi cha kiwango cha CD, biti 16 na hezi 44,100, wasikilizaji wakiombwa watambue. Katika mara 554 walipatia 276. Ndiyo nusu hiyo.

Mvumo wa chaja ni habari nyingine, na ndilo tatizo la kweli nililoliona kwenye barua yako. Chomoa chaja muziki ukiendelea. Mvumo ukikata, DAC yako haina kosa: umeme wa chaja unajipenyeza kwenye waya wa USB hadi kwenye amplifaya. Hata hiyo ya milioni karibu mbili inaweza kuvuma vilevile. Anza kwa kuchomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja, au sikiliza kwa betri. Ukishindwa, kuna kifaa kidogo kinachokaa katikati ya waya wa USB na kutenganisha umeme wa pande mbili. Ila nakuomba sana, asije mtu akakushauri ukate waya wa ethi kwenye plagi. Mvumo utaisha, na amplifaya ikipata hitilafu bati lake linaweza kukuua.

Yako ingestahili kubadilishwa kama ingekuwa inatoa mlio wa “shhh”. Zima muziki, nobu iwe pale unapoiachaga, sogeza sikio kwenye ile spika ndogo ya juu. Ukisikia mlio huo, chomoa waya za DAC nyuma ya amplifaya, kwanza ukiwa umeizima, kisha uiwashe na usikilize tena. Ukiwa bado upo, unatoka kwenye amplifaya. Sababu nyingine halali ni kuhitaji matundu usiyonayo, kama XLR (ya pini tatu) kwa spika za studio zilizo mbali.

Zaidi ya hapo, hiyo akiba ingekwenda kwenye spika. Na kabla ya hizo, zivute zilizopo zitoke ukutani nusu mita, utandike zulia zito kati yako na zenyewe, usikilize wiki nzima. Ukipatia 12 kwenye lile jaribio, niandikie na modeli zote mbili, tutafute kinachozitofautisha.