Anza na Kibla Ndipo Ushike Kamera

Wapiga picha wengi wa Arusha na Moshi wanaotaka kupiga misikiti na magofu ya kale kisanaa huulizana kwanza kuhusu lenzi. Cha kwanza ni dira, kwa sababu kila msikiti hujengwa kuelekea kibla, yaani upande wa Makka. Huku kwetu Makka iko karibu kaskazini kamili: kutoka Moshi mwelekeo wa kibla umesogea mashariki nyuzi tano au sita, Arusha kama saba, na Tanga hazifiki mbili. Kwa hiyo mihrabu, kile kishubaka cha imamu, iko ukuta wa kaskazini na uso wake unatazama kusini. Ukishalijua hilo, unajua pia miezi ambayo jua litaugusa.

Chukua magofu yasiyo na paa, mfano Tongoni, kama kilomita 20 kusini mwa Tanga kwa barabara ya Pangani. Msimu wa kaskazi, Desemba na Januari, jua hukaa upande wa kusini mchana kutwa. Asubuhi subiri livuke kimo cha kuta za mashariki zilizobaki. Hapo mwanga hupita kwa ubavu juu ya ukuta wa kibla na kila kijitundu cha jiwe la matumbawe hutupa kivuli chake. Hiyo ndiyo saa ya kuchora umbile la ukuta. Msimu wa kusi, Juni na Julai, uso huohuo haupati jua kabisa, huku anga ya nyuma inawaka. Unaweza kupiga fremu tatu zinazopishana stopu mbili mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu) ukaziunganisha baadaye, lakini bora zaidi ni kusogea karibu na kuiacha anga nje ya fremu, maana kivuli laini kinaipendeza sana chokaa iliyochakaa. Au zunguka nje: misikiti mingi ya kale ya pwani mihrabu yake huchomoza nyuma ya ukuta, na mgongo huo ndio wenye jua miezi hiyo.

Makaburi ya nguzo, yale ya kale ya pwani yenye nguzo ya mawe, nayo yanataka mwanga wa ubavu. Vishimo vilivyowahi kushika bakuli za kaure kutoka China hupotea jua likiwa utosini.

Moshi mjini kuna zawadi ambayo watu hawaitumii: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kiko kaskazini, karibu mstari mmoja na kibla. Simama kusini mwa msikiti, mbali, na lenzi ya kuvuta mbali, milimita 85 hadi 200. Mlima utasogea na kuja kukaa nyuma ya mnara. Fanya hivyo alfajiri, kabla mawingu hayajapanda. Nyaya za umeme zikikatiza mnara, badili pembe. Kuzifuta kwenye kompyuta huharibu kingo za mnara.

Kuta nyeupe huidanganya kamera: huziona ni mwanga mwingi, ikazitoa kijivu. Ongeza fidia ya mwanga stopu moja, kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukingo wa kulia, kwa sababu chokaa iliyoungua hairudi. Tumia ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/8 au f/11, na stendi ya miguu mitatu. Ukivuka f/16 ukali wa picha unapungua.

Mnara unaoonekana kuanguka nyuma unatokana na kuielekeza kamera juu. Iweke sawa kwa kipimo cha usawa, rudi nyuma, kisha kata ardhi iliyozidi chini. Ukiamua kunyoosha kwa programu, acha nafasi pana pembeni, kwani kunyoosha hula kingo. Lenzi pana ya chini ya milimita 24 huvuta matao mpaka yanapoteza umbo ambalo fundi alilikusudia, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko picha yenye giza.

Ndani ya msikiti unaotumika, omba ruhusa kwa imamu mapema, vua viatu, njoo kati ya sala na sala, na Ijumaa mchana usiende kabisa. Usipite mbele ya anayesali, wala usimpige picha. Miguu ya stendi iwe na raba ili isitoboe zulia. Kwenye magofu usiegemee ukuta wala kupanda juu yake: plasta ya karne nyingi hubanduka kwa uzito wa kiwiko.

Ukishuka kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi pwani, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo lenzi itafunikwa na ukungu. Na kwa picha ya ukutani, A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4961 kwa 3508. Kamera ya megapikseli 24 inatosha hata ukikata kidogo. Chagua karatasi isiyong'aa, yenye nyuzi za pamba. Karatasi ya kung'aa huakisi taa za chumba na kuficha mikwaruzo ya jiwe uliyoingojea asubuhi nzima.