Mafuta ya lavenda na mawazo: yaliyonikuta mimi

Kaka uliyeuliza kama mafuta ya lavenda yatamsaidia mkeo, anayekesha tangu afiwe na mama yake: poleni sana. Mimi si daktari, najibu kwa yaliyonipata.

2019 biashara yangu ilikufa na usingizi ukanihama. Nikanunua kichupa kwa bei ya kuku wawili wa kienyeji, muuzaji akiapa kwamba kinatibu sonona. Wapi! Ila nikidondoshea leso matone mawili saa nne usiku na kuiweka kando ya mto, moyo uliacha kwenda mbio, nikapata angalau lepe la usingizi.

Nikaanza kudadisi humo ndani mna nini. Kumbe mna linaloli, kemikali ya asili inayochangia ile harufu yake. Mwaka 2018 watafiti wa Kagoshima, Japani, waliwanusisha panya linaloli wakapungua woga, lakini waliopotezewa uwezo wa kunusa hawakubadilika hata kidogo. Yaani kazi inafanyika puani, na harufu ina njia ya mkato hadi pale ubongo unapotunza hofu na kumbukumbu. (Panya ni panya lakini, tusijidanganye.)

Linaloli hiyohiyo imo kwenye mrihani na langilangi za uani kwa bibi yangu, Pemba! Nikaacha kununua vichupa. Sasa nalala na kikuba cha mrihani na asmini, na kinachonituliza hapo ni nusu linaloli, nusu bibi. Mkeo naye muulize mama yake alinukia nini. Yaweza kumfariji, yaweza pia kumliza, kwa hiyo muulize kwanza, usimshtukize.

Karafuu muiache. Nilijipaka mafuta yake makali kwenye paji la uso bila kuyazimua kwa mafuta ya nazi, nikatembea na alama nyekundu wiki nzima. Yamejaa eujenoli, ile inayotia jino ganzi.

Wala asinywe ya kichupa. Ujerumani kuna vidonge vya lavenda vya miligramu 80 kwa wenye wasiwasi, ila vile vimetengenezwa maalumu kwa kumeza.

Mimi kilichoniinua ni miezi minne ya kuongea na mshauri kliniki, leso ilinivusha usiku tu. Mkeo akianza kukataa chakula au kusema bora afe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Anakula vizuri lakini?