Kipandikizi cha jino kilichokwaruzwa: je, huvunjika upesi?

Dada wa Mbale, umesema daktari amekushauri uchague kipandikizi (kile kijiti cha chuma cha titani kinachopachikwa kwenye mfupa wa taya ili kibebe jino bandia) ambacho uso wake umepigwa mchanga na kutiwa asidi, halafu jirani akakutisha kwamba chuma kilichokwaruzwa hukatika. Nakujibu kwa sababu nimekereza vyuma hapa Jinja miaka mingi, na kipandikizi kimoja kimenikatikia mdomoni.

Jirani yako ana hoja. Shafti ikikatika karakana, ukitazama palipokatika utakuta alama: mkwaruzo, kona ya hesi (ile mizunguko ya skrubu), au kutu. Mzigo ulikuwa wa kila siku, ila umerudiwa mara malaki, na ufa ukatambaa kidogo kidogo kutoka kwenye ile alama. Titani nayo huchoka hivyo hivyo.

Wanakwaruza kwa ajili ya mfupa. Brånemark, mtafiti Msweden aliyeanzisha vipandikizi hivi, alimwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani mwaka 1965, na kwa miaka mingi vilitoka kwenye mashine vikiwa laini. Mgonjwa alingoja miezi 3 hadi 6 mfupa ushike. Uso wenye vijishimo vya mikromita 1 hadi 2 hushikwa vizuri zaidi, na wengi sasa hungoja wiki 6 hadi 8. Mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo vijishimo hivyo ni vidogo kuliko unene wa unywele.

Kinachobadilisha nguvu ni namna ya kukwaruza. Chembe zinazopulizwa kwa kasi huugonga uso kama vinyundo, ngozi ya chuma ikabanwa, na ngozi iliyobanwa haifunguki ufa kirahisi. Springi za magari hupigwa hivyo kwa makusudi. Lakini chembe za alumina, ule mchanga mgumu unaopulizwa, zikibaki zimejikita, au zikichonga mashimo yenye kona kali, ufa umepata pa kuanzia. Asidi huondoa uchafu na kupunguza makali ya kona; ikizidi, hidrojeni huingia kwenye titani na ngozi yake huwa rahisi kupasuka. Makoti, yaani tabaka za juu, ya kunyunyizwa kwa joto kali ndiyo nisiyoyapenda: hupunguza ustahimilivu wa chuma dhidi ya kuchoka, na mengine hubanduka.

Sasa changu. Kilikuwa cha milimita 3.3, kikawekwa mahali pa gego la chini, panapobeba kazi yote ya kusaga. Skrubu ya ndani inayoshika jino bandia ilianza kulegea, nikapuuza, nikaendelea na miwa yangu. Mfupa ukashuka pembeni, hivyo sehemu kubwa zaidi ya chuma ikabaki haina mshiko. Mwaka wa 4 kikakatika. Niliomba kipande, nikakiweka chini ya lenzi: michirizi ya ufa ilitokea kwenye hesi ya ndani, pale ukuta ulipo mwembamba. Ngozi ya nje, ile iliyokwaruzwa, haikuwa chanzo.

Ndiyo maana nakusihi uulize unene kwanza. Kwa nondo isiyo na tundu, nguvu ya kuhimili kupindwa hupanda kwa mchemraba wa kipenyo, yaani milimita 4.1 ni karibu mara mbili ya 3.3. Uliza pia ni titani gani: safi ya daraja la 4 huvutwa hadi megapaskali (kipimo cha nguvu ya chuma) 550 hivi kabla ya kukatika, ile ya aloi ya alumini na vanadi hukaribia 900. Na uliza kama kimepita kipimo cha kimataifa cha uchovu wa vipandikizi, ISO 14801, ambapo kipandikizi hukandamizwa kwa mshazari wa nyuzi 30, kikiwa kimeachwa wazi milimita 3 kana kwamba mfupa umeshuka, hadi mizunguko milioni 5.

Changu cha pili niliwekewa Kampala. Kina milimita 4.8, kimepigwa mchanga na kutiwa asidi kama hicho unachoogopa, na kila miezi 6 naenda kukaguliwa skrubu.