Mleta mada, hiyo barua pepe ya pamoja usiifungue

Umesema wewe na mkeo mnafungua studio ya dizaini, na mnataka barua pepe moja ya wote wawili. Usiifungue kabisa. Na ule mpango wa simu moja ya ofisi, "atakayepokea kati yetu amhudumie mteja", uufute kabla hujanunua hata kiti. Umeuliza mengi: kompyuta gani inafaa, mkeo aache kazi sasa au asubiri, studio muiite nani, mapato mgawane vipi. Nimeyasoma yote. Lakini nimekwama kwenye ule mstari wako wa mwisho, kwamba kila kazi mtaifanya wote wawili na yeyote anaweza kumjibu mteja. Hapo ndipo sisi tulipoungulia, na umeuandika kama vile ni jambo dogo.

Mimi na mume wangu tuna studio ndogo ya dizaini: nembo, lebo, vifungashio, ripoti za mwaka. Tulipokuwa tunaanza tulihudhuria mafunzo ya mshauri mmoja wa biashara. Alitusimamisha mbele ya wenzetu akasema wanandoa wana bahati, hawahitaji taratibu za ofisi, ninyi ni mwili mmoja, mteja akimpata mmoja awe amewapata wote. Watu wakapiga makofi. Tukarudi tukafanya hivyo hivyo. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale damu inanichemka, kwa sababu yule bwana hakuwa amewahi kupeleka faili kwa mchapaji hata siku moja. Alihubiri ndoa, akatutoza ada ya somo la biashara.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mteja wetu alikuwa mtengenezaji wa sabuni ya unga, mfuko wa gramu 500. Mifuko ikiwa karibu kuchapwa, akaamua uzito uwe gramu 450. Akapiga simu, akapokea mume wangu. Mume wangu akasema sawa, akarekebisha kwenye kompyuta yake. Mimi upande wangu nilikuwa nimeshapeleka faili kwa mchapaji, na prufu, yaani nakala ya majaribio ya kukagua kabla mzigo haujachapwa, ikaletwa kwangu. Nikaikagua kama nilivyofundishwa: rangi ziko CMYK (zile rangi nne za wino wa uchapaji), picha zina azimio la nukta 300 kwa inchi, ukingo wa ziada wa milimita 3 upo pande zote, fonti zimegeuzwa kuwa michoro, msimbopau (barcode) unasomeka. Nikailinganisha na faili langu herufi kwa herufi. Vililingana. Nikasaini.

Kama hujawahi kusaini prufu, elewa maana yake: ukishaweka sahihi, kosa lililomo si la mchapaji tena, ni lako. Mifuko ikachapwa yote, gramu 500. Na uzito si pambo la kusema tutavumilia. Mfuko ukiandikwa 500 na ndani mna 450, mwenye bidhaa anamdanganya mnunuzi. Tukamwomba mteja tubandike stika juu ya namba. Akakataa, na alikuwa na haki.

Halafu ikaja habari nyingine ambayo wageni wa kazi hii hawaijui. Ingekuwa namba imechapwa kwa wino mweusi peke yake, tungebadilisha pleti ya nyeusi tu, maana kila rangi ina pleti yake, yaani bamba la kuchapia. Lakini yetu ilikuwa nyeupe juu ya picha, yaani ni sehemu iliyoachwa bila wino kwenye kila rangi. Kubadilisha tarakimu mbili kukataka pleti zote nne mpya, juu ya gharama ya kuchapa upya mzigo mzima. Tukalipa sisi. Akiba ya studio ikaisha, na mteja akaondoka na kazi zake zote.

Nyumbani ikawa mbaya zaidi. Yeye anasema, "Nilikuambia." Mimi nasema hukuniambia. Na nina hakika kila mmoja wetu aliamini anachosema. Kaka, hapo ndipo penye hatari ambayo mshauri wetu aliiita bahati. Wafanyakazi wawili wasiohusiana wangeandikiana ujumbe, maana kila mmoja anajua mwenzake hayumo kichwani mwake. Mume na mke wanaongea kutwa, kwa hiyo neno ulilokusudia kulisema unaliona umeshalisema. Na kumkagua mwenzako unaona aibu, kana kwamba humwamini.

Kwa hiyo kila kazi iwe na mwenyewe mmoja. Mmoja! Jina lake liandikwe kwenye makubaliano, na mteja apewe namba yake peke yake. Mwenzake anaweza kuchora, kuchagua rangi, hata kufanya sehemu kubwa ya kazi, ila hamwahidi mteja chochote. Mteja akimpigia, jibu ni "nitampa ujumbe akupigie", basi, hata kama anachotaka ni kuhamisha nukta. Badiliko ambalo mteja hajaliandika halijatokea. Faili linalokwenda kwa mchapaji linatoka kwa mwenyewe wa kazi, lina tarehe kwenye jina lake, na mambo ya "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho mpya" yakome.

Prufu isomwe na yule asiye mwenyewe. Asiilinganishe na faili, ailinganishe na maandishi ya mteja. Mimi nililinganisha faili na prufu, vyote viwili vikiwa na kosa lile lile. Ningekagua mpaka asubuhi nisilione.

Na usinielewe vibaya ukadhani mwenyewe wa kazi ni wewe siku zote, wifi yangu akae nyuma anachora. Ni kazi kwa kazi. Lella na Massimo Vignelli, wabunifu mume na mke kutoka Italia, walianzisha studio yao ya Vignelli Associates pamoja mwaka 1971, lakini kwa miaka mingi sifa za nje zilimwendea mwanamume, hadi Massimo mwenyewe, kabla hajafariki mwaka 2014, akaandaa kitabu kizima kuonyesha kazi za mkewe. Msisubiri uzee kulisahihisha hilo. Jina la mkeo liwe juu ya kazi zake tangu ya kwanza.

Mapato mtagawana vyovyote mtakavyoelewana, na kompyuta watakujibu wengine humu, sina subira nayo leo. Ila umesema kuna kazi ya kalenda mmeshaipata na mteja ana namba zenu zote mbili. Kaeni usiku huu mchague ni ya nani kati yenu, kesho asubuhi mwandikieni mteja namba moja atakayotumia, na mwombeni atume kwa maandishi kila alichowaambia kwa mdomo mpaka sasa.