Damu ya ng'ombe haisubiri foleni ya maabara

Vijana wengi wanaoingia kwenye utafiti wa homoni, vinasaba na kinga za mifugo huwaza mashine kwanza. Ila sampuli huharibikia zizini, au njiani ikitoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini, na mashine haiwezi kuirudishia kilichokwisha kupotea.

Kabla hujagusa mnyama, amua unapima nini, maana rangi ya kifuniko inafuata hapo. Tyubu nyekundu haina dawa ya kuzuia damu kuganda. Ni ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, na kingamwili hupimwa humo. Ya zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, ichukulie vinasaba. Ya kijani ina heparini, nayo huzuia kuganda na inafaa ukitaka chembe hai za kinga, lakini heparini hiyohiyo huzuia PCR, njia ya kunakili vinasaba ili vipimike. Utabadilisha praima, vipande vya DNA vinavyoanzisha kunakili, wiki nzima na kosa liko kwenye tyubu.

Projesteroni, homoni inayopanda katikati ya mzunguko na kubaki juu mimba ikishika, ndiyo inayowaumbua wengi. Chembe nyekundu za ng'ombe huendelea kuibadilisha homoni hii ndani ya tyubu, na damu ikiachwa kwenye joto la kawaida kiwango huporomoka ndani ya saa chache. Ng'ombe aliye katikati ya mzunguko wake wa siku 21, ambaye angesoma zaidi ya nanogramu 1 kwa mililita, anaonekana kama yuko kwenye joto la kutaka dume. Kwa hiyo usingoje seramu ijitenge mezani. Chukua plazma, majimaji ya damu isiyoganda: tyubu ya EDTA au heparini, ipindue taratibu mara 8 hadi 10 bila kuitikisa, iingie kwenye kuli boksi papo hapo, kisha izungushe mapema kwenye sentrifyuji, mashine ya kutenganisha chembe, 1500 hadi 2000 g kwa dakika 10 hadi 15. Nasema g, kipimo cha nguvu inayosukuma chembe chini, siyo mizunguko kwa dakika. Rota zikitofautiana ukubwa, mizunguko ileile inatoa nguvu tofauti. Nyonya plazma ya juu na uliache tabaka jeupe la chembe za kinga lilivyo.

Barafu nayo isigusane na tyubu. Damu ikigandishwa na baridi, chembe zinapasuka na plazma inatoka nyekundu kama juisi ya rozela. Zungushia gazeti au kipande cha kanga kuukuu. Wekundu huohuo hutokea ukivuta bomba kwa nguvu au ukitumia sindano nyembamba. Kwa ng'ombe mkubwa, geji 18 au 20 inatosha. Na lebo iandikwe kwa penseli, maji ya barafu hayaifuti.

Kwa wafugaji wa Rungwe na Njombe wenye ng'ombe mmoja au wawili, mimi napendelea maziwa. Mfugaji anakupa bila kununa, mara mbili kwa wiki, na hakuna sindano. Shida ni mafuta: projesteroni hukaa zaidi kwenye mafuta, na maziwa ya mwisho wa kukamua yana mafuta mengi kuliko ya mwanzo. Ukichukua ya mwanzo leo na ya mwisho keshokutwa, unapima mkono wa mkamuaji. Shikilia saa ileile ya kukamua na hatua ileile.

Kortisoli, homoni ya hofu na msongo, inataka haraka: damu itoke ndani ya dakika 3 tangu mnyama ashikwe. Wa mwisho kwenye foleni ameshatishika kwa kuangalia wenzake, basi andika saa ya kila mmoja.

Kuku ana mambo yake. Chembe zake nyekundu zina kiini, kwa hiyo mikrolita 10 za damu zinatosha kwa DNA. Ukimwaga mikrolita 200 kama wafanyavyo kwa ng'ombe, unapata uji mzito unaoziba kichujio cha kutolea DNA. Kwa kingamwili za mdondo, toa mililita 1 au 2 kwenye mshipa wa chini ya bawa siku ya chanjo, kisha rudia siku ya 14 na ya 28. Bila sampuli ya siku ya chanjo huwezi kujua kinga ipi ilikuwepo tangu awali.

Kabla ya kugandisha, gawa plazma kwenye vichupa vitatu, maana umeme ukikatika na kurudi, kuyeyuka na kuganda upya kunaharibu. Kimoja kihifadhiwe kwenye friza ya jengo jingine.

Na mfugaji uliyemwahidi majibu ya mimba, mpelekee mara tu yakitoka, ajue mapema kama amwite mhimilishaji tena.