Kadi ipo, iko au imo?

Swali: Ninaandika maelezo ya Kiswahili ya kiendeshi (programu inayoendesha kifaa) cha kidhibiti cha kadi za kumbukumbu katika mfumo endeshi wa Linux. Ishara ya umeme ya kuonyesha kwamba kadi imechomekwa hushuka katika bodi (sahani ya saketi) moja na kupanda katika nyingine. Je, niandike "kadi ipo", "iko" au "imo"? Na tofauti za bodi nizielezeje?

Jibu: Kadi ya SD iliyo ndani ya tundu lake imo. "Ipo" si kosa, ila inaeleza tu kwamba kadi inapatikana mahali dhahiri. "Iko" ni legevu zaidi, kwani hata kadi iliyoachwa mezani iko. Kumbukumbu ya eMMC, ambayo hulehemiwa kwenye bodi, haina tundu la kuwamo, kwa hiyo "ipo" ndiyo inayoifaa. Hapo chunguza pia kauli ya kitenzi: kadi isiyochomolewa ni ile ambayo watu hawaichomoi, ingawa pengine wangeweza, lakini isiyochomoleka haiwezekani kuchomolewa, na hilo la pili ndilo ambalo kiendeshi kinapaswa kuambiwa.

Ugumu zaidi umo katika ukanushi. Zipo bodi ambazo waya wa kutambua kadi haukuunganishwa kabisa, na kiendeshi hulazimika kuchungulia tundu tena na tena, kwa kawaida kila baada ya sekunde moja. Ukiandika kwamba ishara ya bodi hiyo inaonyesha "kadi haimo", umedai jambo ambalo bodi haikulisema; andika kwamba ishara haielezi kama kadi imo.

Kuhusu tofauti zenyewe, Linux huzihifadhi katika mti wa vifaa, yaani faili la maelezo ya kila bodi, ili msimbo wa kiendeshi usijae masharti ya bodi mojamoja. Sarufi yako ifuate mgawanyo huohuo. "Bodi zinazogeuza ishara zitajwe katika mti wa vifaa" inahusu baadhi ya bodi tu, ilhali "bodi, ambazo hugeuza ishara, zitajwe" inazihusisha zote, na mkato huo mdogo unatosha kumfanya mhandisi ageuze ishara iliyokuwa sahihi.

Angalia pia kiima. Kitelezi cha kuzuia uandishi kilicho ubavuni mwa kadi kubwa ya SD hakina mawasiliano na saketi ya kadi. Hali yake husomwa na swichi iliyo kwenye tundu. Kadi ya microSD haina kitelezi hicho, na pini ya kidhibiti inayosoma swichi hiyo ikiachwa bila kuunganishwa, kiendeshi huweza kudhani kwamba kadi imefungwa. Kwa hiyo sentensi "kadi imefungwa isiandikwe" humtwika mzigo asiyehusika. Iandike hivi: "Bodi inaripoti kwamba kadi imefungwa." Msomaji wako atajua kwamba marekebisho yafanywe katika maelezo ya bodi, si kwa kununua kadi nyingine.